Shuka la Inchi Mia

Mjusi kafiri wa sebuleni kwetu ameigiza filamu nyingi kuliko mwigizaji yeyote ninayemfahamu. Amepita kwenye paji la uso la bibi harusi wa Kihindi, amelala juu ya manowari ya Marekani, na usiku mmoja, kwenye filamu ya huzuni kabisa, aliingia kaburini kabla ya marehemu. Simlaumu. Penye mwanga pana wadudu, na mimi ndiye niliyemwashia.

Projekta niliinunua kwa hasira. Kibanda umiza cha mtaani kwetu, Tabata, kinatoza shilingi 500 kwa mechi. Unakaa kwenye benchi lisilo na mgongo, goti la jamaa wa nyuma limekuingia kiunoni, na bao likifungwa unapakwa jasho la watu usiowajua. Nikapiga hesabu: mechi mbili kwa wiki, mwaka mzima, 52,000. Projekta ilikuwa laki tatu na nusu. Mke wangu akapiga hesabu hiyohiyo akaniambia pesa itarudi baada ya karibu miaka saba, "Mungu akitupa uzima, baba watoto."

Sikujua kwamba projekta ni nusu tu ya sinema. Nusu ya pili ni pale mwanga unapotua, na kwetu ulitua kwenye ukuta wa rangi ya krimu. Theluji ya Urusi ikawa siagi. Kila Mzungu akaonekana ana manjano. Isitoshe, fundi aliyetupigia lipu alikuwa mtu wa haraka, na kwa kuwa projekta niliiweka juu ya kabati, mwanga ukipiga ukuta kwa upande, kila kinundu kikatoa kivuli chake. Mchumba wa kwenye filamu akapiga magoti, na msichana akamkubali pamoja na ndui zake zote.

Basi nikaenda Kariakoo kutafuta skrini.

"Inchi ngapi, bosi?" akauliza muuzaji.

"Mia."

"Ukuta umepima?"

Nilikuwa nimepima. Kati ya mlango na dirisha nina mita 1.9, nikaona inanitosha. Kijana akatoa futi yake, akanifundisha bila kunicheka, na hilo namshukuru. Inchi za skrini huhesabiwa kona kwa kona, kama za televisheni. Ya 100, kwa umbo la 16 kwa 9, ina upana wa mita 2.21 na kimo cha mita 1.25. Kwa hiyo ama nizibe mlango ama nizibe dirisha. Nikampigia simu mama watoto. Akaniuliza kama nimewahi kulala Dar es Salaam mwezi wa Februari.

Halafu kuna umbali. Projekta yangu, ili itoe picha ya upana huo, inataka kukaa nyuma mara moja na nusu ya upana wenyewe, yaani mita 3.3 hivi. Sebule yetu ina mita tatu. Ingebidi ikae kwenye korido, na korido yetu ndiyo njia ya chooni. Nikamwona mama mkwe akikatiza katikati ya vita vya Vietnam na kopo lake la maji.

Kijana hakukata tamaa. Akanionyesha skrini nyeupe iliyoandikwa 1.3, akasema hiyo inarudisha mwanga kuliko ya kawaida, ambayo ni 1.0. Ila skrini haina taa ndani yake, mwanga wa ziada inautoa wapi? Inaukusanya na kuwapa waliokaa katikati, wa pembeni wakapungukiwa. Katikati ya sebule yetu pana kochi moja la watu wawili, na nyumba ina watu saba. Nyumba zimeshavunjika kwa mambo madogo kuliko hilo.

Akakunjua nyingine, ya kijivu. Nikacheka kwa sauti. Nitoe hela yangu ninunue kitambaa kinachoonekana hakijafuliwa? Akaniambia, "Mzee, projekta haijui kutupa rangi nyeusi." Nikadhani ni maneno ya biashara. Kumbe ndivyo ilivyo. Mwanga hauwi mweusi. Weusi unaouona kwenye picha ni mahali ambapo projekta haikutupa kitu, na hapo panabaki na rangi ya skrini yenyewe. Chumba kikiwa na mwanga, suti nyeusi ya jambazi inakuwa nyeupe kama kanzu ya Ijumaa. Skrini ya kijivu inaushusha huo weupe. Yule kijana namdai radhi, au yeye ananidai, sijui tena.

Bei ilikuwa laki mbili na themanini. Nikaomba maji ya kunywa, nikaaga.

Shemeji yangu ana rafiki anayechapa mabango. Akaniletea bango kuukuu la mita tatu, upande wa nyuma mweupe pee, bure. Lilikuwa na mambo mawili. La kwanza, plastiki yake inang'aa, na ule mwanga wa projekta ukarudi machoni kama jua dogo katikati ya picha, ukimfuata kila mhusika kifuani. La pili, taa ya nje kwa jirani ikiwaka, mwanga ulipenya dirishani nyuma ya bango, maandishi ya upande wa pili yakajitokeza. Tukatazama mauaji ya mafia wa New York huku kifuani kwa maiti pameandikwa AREGNOH.

Ndipo nikatoa shuka. Jeupe, la kitandani, sita kwa sita, tulizawadiwa kwenye harusi. Ndani, feni ililipepea hata makipa wakawa wanacheza mdundiko. Kwa hiyo usiku wa nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa wa Ulaya, saa nne, nikalifunga uani, kamba juu, mawe chini, projekta juu ya ndoo. Giza zuri, upepo umetulia. Nikasema leo nimewaweza.

Dakika ya ishirini nikasikia kelele za bao upande wa pili wa ukuta. Halafu hodi. Alikuwa mzee jirani, msuli kiunoni, heshima tele.

"Jirani, shikamoo nyingi zinakuja kutoka kwa vijana wangu. Tunashukuru kwa burudani. Ila kwetu maandishi yanasomeka kinyumenyume, na winga wa kulia anapanda kushoto. Hakuna namna?"

Shuka ni jembamba. Nusu ya mwanga niliyoilipia ilikuwa inavuka kwenda kwa watu, juu ya ukuta mfupi. Namna ipo: kwenye projekta kuna kitufe cha kugeuza picha kwa wanaotazama kutoka nyuma. Kwa ujinga wa ukarimu nikakibonyeza kidogo tu, nione. Upande wangu herufi zikageuka. Nikachukua kigoda nikazunguka kwa jirani kuhakikisha.

Picha ilikuwa nzuri kuliko yangu. Walikuwepo kama arobaini, kahawa na kashata zinapita. Getini alikaa kijana nisiyemfahamu, kakumbatia kopo. Akaniangalia mimi, akaangalia kigoda.

"Mia tano, mzee."