Namna ya Kuanguka kwa Heshima

Kizunguzungu kikikushika, bwana mkubwa, usitishike. Fuata hatua hizi, na hakuna atakayejua mpaka uwe chini.

1. Kibatize kabla hakijapimwa. Sema, "Presha imepanda." Watu watajua una majukumu mazito. Presha ya kupanda mara nyingi haina dalili yoyote, lakini hilo lisikusumbue. Huenda hata ni ya kushuka: umeinuka ghafla, damu imechelewa kufika kichwani. Njaa, kiu na jua la saa saba usivitaje kabisa. Havina hadhi.

2. Azima dawa. Jirani ana vidonge vya presha, na vitambi vyenu vinalingana. Kama yako ilikuwa chini, vitaimalizia. Ukihisi na homa, meza mseto bila kupima malaria, tena nusu dozi. Nyingine itafaa mwezi ujao.

3. Jizoeze kujishikilia. Nguzo ya kibaraza ishike kama mtu anayewaza mambo ya ukoo. Kikikujia sokoni, inama ufunge kamba za viatu. Umevaa kandambili? Kagua kucha.

4. Dunia ikizunguka kila ukigeuka kitandani, kisha ikatulia baada ya sekunde chache, mkwepe daktari. Atakuambia vijichembe vya chokaa vilivyomo ndani ya sikio vimehama mahali pake. Atakulaza, akigeuze kichwa chako hivi na vile, na pengine utoke umepona bila hata kidonge. Sasa kijiweni utasimulia nini? Kwamba ulishikwa kichwa?

5. Umemeza diklofenaki wiki nzima kwa ajili ya mgongo, na sasa choo ni cheusi kama lami? Usitazame. Tumbo likivuja damu viganja hupauka, na midomo pia. Wakikushangaa, waambie umetakata. Hospitali wangekuongeza damu, na ndugu wangeombwa kuchangia. Unataka shemeji akusimange mpaka lini?

6. Hii ni ya mabingwa. Mdomo umekwenda upande, mkono mmoja hauinuki, ulimi mzito, unaona viwili viwili. Au kichwa kimepasuka ghafla kwa maumivu, au kifua kinabana. Waoga hukimbilia hospitali hapo hapo. Wewe jilaze kidogo. Kiharusi kikiwa cha damu kuganda, ipo dawa ya kuiyeyusha, ila hutakiwa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na kichwa lazima kipigwe picha kwanza. Lala vizuri, muda utapita wenyewe.

Mama watoto akipiga kelele, "Baba Juma, bajaji iko mlangoni!" mjibu kwa utulivu kwamba huwezi kufika kwa madaktari na fulana ya kampeni. Alitafute lile shati la mikono mirefu, alipige pasi. Kisha ng'ang'ania kufunga vifungo mwenyewe, kwa huo mkono mmoja uliobaki.