Barua ya Wazi kwa Waheshimiwa Madalali wa Magari wa Dar es Salaam

YAH: MAOMBI YA KUFIKIRIWA UPYA KWA PEUGEOT 504 YA MWAKA 1978, NAMBA A

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Naandika kwa unyenyekevu wa raia anayeiandikia mamlaka. Ofisi yenu haina jengo, mhuri wala mwenyekiti, na risiti yenu sijaiona hata moja, lakini sijui chombo kingine nchini ambacho uamuzi wake hutekelezwa haraka kama wenu. Mmoja wenu akitamka asubuhi chini ya mwarobaini kwamba gari la mzee fulani ni milioni moja na nusu, kufikia alasiri yadi zote kuanzia Ilala hadi Tegeta zinajua ni milioni moja na nusu, na mnunuzi wa kesho ataanzia hapo kushuka. Rufaa hakuna. Ndiyo maana nimeona niombe, nisibishane.

Gari lenyewe ni Pijo 504 ya kawaida, si ile ndefu iliyokuwa ikibeba abiria wa mikoani. Nililinunua mwaka 1984, shirika la umma nililokuwa nikilifanyia kazi lilipouza magari yake, na tangu hapo halijapata mmiliki mwingine. Jeupe, injini ya lita mbili, paa lina kidirisha cha bati cha kuvuta, na platini nabadilisha mwenyewe. Lilinifikisha Lindi masika kwa kiangazi, enzi zile tulipokuwa tukivuka Rufiji kwa kivuko kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003. Malori yalikwama, hili likapita.

Haya nimewaeleza wenzenu kadhaa waliofika nyumbani. Ni vijana wenye adabu. Shikamoo zao hazina kasoro, na viatu wanavua barazani hata wasipoambiwa. Kisha, boneti halijafunguliwa, linakuja swali la kwanza: “Namba gani hii, mzee?”

Namba A. Basi hutazamana kama madaktari walioshika picha mbaya ya eksirei.

Nikaeleza kwamba umbo lake lilichorwa na Pininfarina wa Italia, likatoka mwaka 1968, na mwaka 1969 likatunukiwa kuwa Gari la Mwaka la Ulaya. Namba A. Nikaeleza kwamba 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, ikashinda tena mwaka 1978 mikononi mwa Jean-Pierre Nicolas. Namba A. Nikarudi nyumbani kabisa: Bert Shankland, mkazi wa jiji hili hili, alishinda Safari mara mbili mfululizo, 1966 na 1967, kwa Pijo 404, kaka mkubwa wa hili lililo uani. Kijana akaniitikia kwa heshima zote, “Sawa mzee wangu, lakini huyo hakuwa na namba A.”

Hiyo A yenyewe gari halikuzaliwa nayo. Lilikuwa na namba ya TZ kama magari yote ya rika lake, na mfumo wa sasa ulipoletwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 likapewa A kwa sababu lilikuwepo. Kosa lake ndilo hilo, kuwepo. Ikaja IST ya mwaka 2004 iliyoshuka bandarini juzijuzi. Mjapani ameiendesha karibu miaka ishirini, ameibebea mbwa, ameigonga nguzo, akaichoka. Nyinyi mkaipokea kwa vigelegele: namba E, mpya kabisa, haijatembea. Haijatembea! Kwani kule ilikuwa inaelea? Hata watoza ushuru wa bandarini, ambao hakuna aliyewahi kuwatuhumu kwa huruma, hutazama mwaka gari lilipotengenezwa na kuliongezea kodi kwa uzee wake. Ni nyinyi peke yenu mliogundua kwamba gari huanza kuzeeka siku linaponusa hewa ya Kurasini.

Kwa hiyo kilomita za mgeni tusiyemjua ni usafi, na kilomita zangu mimi, zenye daftari la kila oili niliyomwaga, ni uchafu. Msiniambie hiyo ni biashara. Hiyo ni dharau tunayofanyiana sisi kwa sisi, kisha tunaiwekea bei. Na yule aliyelizunguka gari langu mara moja, akagonga bodi kwa kifundo cha kidole, akaniuliza lina kilo ngapi, asirudi. Ashindwe na alegee! Lina kilo elfu moja na mia mbili hivi, mwanangu, na hakuna hata moja kati ya hizo isiyokuzidi akili.

Mniwie radhi, waheshimiwa. Narudi kwenye maombi.

Ombi langu kuu ni mnisaidie kulipeleka gari hili Japani, ili lirudi.

Jambo hili nimelitafakari kwa kina. Litapanda meli ya magari hadi Yokohama. Likifika, liegeshwe kwenye uwanja wa mnada katikati ya Vitz na Passo, lipigwe picha likiwa na matone ya mvua, na nyuma yake pasionekane mtu, kuku wala kamba ya nguo. Lipewe ile karatasi ya mnada yenye mchoro wa gari na maandishi ya Kijapani, ambayo hakuna hata mmoja wetu anayeyasoma na sote tunayaamini. Mkwaruzo wa mlango wa kushoto, ambao leo kwenu ni ushahidi kwamba gari limechoka, kule utaandikwa A1. Kibonyeo cha buti kitakuwa U1. Kwa jumla lipewe alama 4, ingawa mimi sina makuu, hata 3.5 nitapokea. Atafutwe pia mzee wa Kijapani wa rika langu, akae kwenye usukani jioni moja, hata asiliwashe, mpate kusema kwa dhamiri safi kwamba gari lilikuwa la mzee wa kule na alikuwa akiendea sokoni tu. Mkiona inafaa, kwenye kioo cha mbele kibandikwe kile kidude ambacho kila asubuhi humsemesha Mtanzania kwa Kijapani akiwasha gari, naye akatikisa kichwa kama aliyeelewa.

Redio ndiyo itakayotusumbua. Niliyofunga mimi inashika stesheni zote. Itabidi ing'olewe, ifungwe ya kule, ambayo FM yake huanzia 76 na kugota 90, ili mnunuzi akifika Ubungo akose stesheni nyingi za mjini, aende Kariakoo kununua kifaa cha kuongezea masafa, na hapo ndipo moyo wake utulie kwamba kweli gari limetoka nje. Naomba pia lisahaulishwe Kiswahili. Linajua matuta yote ya Barabara ya Morogoro na hupunguza mwendo lenyewe, tabia ambayo inaweza kuliumbua mbele ya maofisa.

Baada ya hapo lipande meli tena, likae baharini majuma kadhaa likiwa limefungwa minyororo, lishuke Dar es Salaam. Mimi nitakuwa getini na shati jipya, na tutajifanya hatujuani. Litapewa namba E, nanyi mtaandika: Pijo mpya ya Japani, haijatembea, inanusa tu mafuta, haidai kitu, ni kuwasha na kuondoka. Mtu akiuliza gari la Mfaransa lilifikaje Yokohama, mwambieni maongezi yapo. Na kama nauli ya safari yote hiyo itazidi thamani ya gari, ijumlisheni kwenye cha juu. Najua kwenye cha juu nafasi haikosekani.

Maombi mengine ni madogo. Anayenipigia simu saa tano usiku kuuliza bei ya mwisho kabla hajauliza ya kwanza, aanze na habari za jioni. Mnapomtajia mnunuzi milioni saba na kunitajia mimi mbili, mnong'one nje ya geti, kwa maana lililoniharibikia ni jicho, sikio bado zima. Picha za gari langu zinazozunguka mjini na namba ya simu isiyo yangu ziondolewe. Na kijana aliyeomba kulijaribu hadi njia panda akafika Kibaha, petroli nimemsamehe, arudishe kofia yangu iliyokuwa kiti cha nyuma.

Katika nyinyi nyote, hakuna hata mmoja aliyeniuliza limedumuje. Fundi aliyenifundisha kuisikiliza kabureta ikikosa hewa amekwishatangulia, na wanafunzi wake siku hizi wanasubiri kompyuta iwaambie gari linaumwa nini. Huo nao ni mchango wenu. Mkishasema gari la namba A halina bei, mwenyewe anaona kipuri kipya ni hasara, fundi anaona ujuzi wake hauna mteja, mvua mbili tatu zinalinyeshea uani, kisha mnakuja na mizani na kusema mlijua. Ndivyo zilivyoisha 404 za jiji hili, na Datsun 120Y, na Land Rover zilizovuka mito ambayo leo IST haithubutu kuitazama. Kutu ilisaidia, lakini iliyoanza ni midomo yenu. Mnaua kwanza, mnapima baadaye, na katikati mnaomba hela ya soda!

Lakini nilisema nitaomba, sitabishana.

Bei yangu ni milioni kumi na mbili. Nimewarahisishia kazi, hiyo ndiyo ya kwanza na ndiyo ya mwisho. Likiguswa ufunguo linawaka, na kadi yake ipo kwa jina langu, haijawekwa rehani popote. Mnakaribishwa siku yoyote baada ya alasiri. Chai ipo.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mzee wa Pijo

Nakala:
Mnunuzi mwenye macho, popote alipo: kwa utekelezaji.
Mzee wa Kijapani, Yokohama: ajiandae, na asiguse redio.