Yah: Kadi ya Waifai Kunyimwa Kibali Ndani ya Laptopu Niliyoinunua

Kwa Msimamizi wa Orodha ya Kadi Zilizokubaliwa,
Ndani ya BIOS (programu inayoiamsha kompyuta),
Kampuni iliyotengeneza laptopu yangu (jina nalihifadhi).

Ndugu Msimamizi,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba bado uko macho kama siku ulipotoka kiwandani. Wenzako wote wa rika lako wameshastaafu. Betri imekufa zamani, kiendeshi cha CD hakifunguki mpaka kichokonolewe kwa pini, na tovuti yenu imeshaacha kuitaja laptopu hii. Wewe tu ndiye hujakosa kazini hata siku moja.

Laptopu yenyewe niliinunua Kariakoo, used ya Ulaya, kioo kizima na kibodi imara kuliko za siku hizi. Nikaiongezea RAM isiyo ya kampuni yenu, hukusema kitu. Nikang'oa diski ya zamani nikaweka SSD, ukaipokea. Chaja ninayotumia haijawahi kuiona nembo yenu hata kwa mbali, ukanyamaza. Nikajua nimepata mwenyeji muungwana.

Shida imekuja kwenye waifai. Kadi mliyoiweka ni ya kiwango cha 802.11g, cha mwaka 2003. Kwenye karatasi kasi yake ni megabiti 54 kwa sekunde, na masikio yake yanaishia gigahezi 2.4. Ghorofani ninapokaa kila mlango una ruta, na kwenye masafa hayo chaneli zisizogongana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Kwa hiyo tunasukumana humo jengo zima, na ruta yangu inatangaza gigahezi 5 ambayo kadi yenu haiisikii kabisa. Nikatafuta kadi ya 802.11n inayosikia na gigahezi 5. Nilihakikisha ni ya mini PCI Express, si mini PCI ya kizamani wala M.2 ya sasa, na kwa kuwa ilikuwa ya nusu urefu nikaitafutia kipande cha bati cha kuirefusha ili skrubu zishike. Fundi akafungua kifuniko cha chini, akazing'oa nyaya mbili za antena, nyeusi na nyeupe, akazikandamiza kwa ukucha wa kidole gumba kwenye kadi mpya mpaka kila moja ikalia "ta!" Nikawasha.

Hapo ndipo tulipofahamiana. Skrini nyeusi, maandishi meupe: kimechomekwa kifaa cha mtandao kisichoidhinishwa, zima kompyuta, kitoe. Basi. Ungesema waifai haitafanya kazi, ningekuelewa. Wewe uligoma kuiwasha kompyuta nzima. Picha za harusi, barua zangu, hesabu za kikundi chetu cha kufa na kuzikana, vyote ukaviweka rumande kwa kosa la kadi.

Nimeelezwa unavyokagua. Kila kadi hubeba namba za utambulisho: ya mtengenezaji wa chipu (Intel walijichagulia 8086, kwa heshima ya prosesa yao ya 1978), ya aina ya chipu, na nyingine mbili za kampuni iliyoiagiza. Unazisoma, unazilinganisha na orodha yako, unaamua. Sasa naomba unisaidie jambo moja. Sokoni nimeshika kadi mbili za chipu ileile, ubao uleule, hata rangi ileile. Moja ina stika yenye namba ya spea ya kampuni yenu, nyingine haina. Ya kwanza unaipigia saluti, ya pili unaizimia kompyuta. Nimezigeuza juani kutafuta tofauti nyingine, nikaiona kwenye bei.

Kama tatizo ni utambulisho, niko tayari kufuata utaratibu. Kadi yangu italeta barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, wadhamini wawili wenye ajira, na picha ndogo mbili zenye bluu nyuma. Ukidai na namba ya NIDA, hapo tuvumiliane.

Utetezi wenu nimeusikia: sheria za redio. FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, huidhinisha mtambo wa redio pamoja na antena zake, na antena za laptopu zimefichwa kwenye fremu ya kioo. Kwa hiyo, mnasema, kadi isiyopimwa na antena hizo isiingie. Hoja nzuri. Ingekuwa nzuri zaidi kama watengenezaji wengine, waliouza laptopu Marekani hiyohiyo chini ya FCC hiyohiyo, wasingewaachia wateja wao wachomeke kadi waitakayo.

Isitoshe, ubavuni mwa laptopu hii mliacha tundu za USB. Nimechomeka humo kidude cha waifai ambacho jina la mtengenezaji wake halisomeki, na antena yake Mungu ndiye anajua ilipimwa wapi. Ukakipitisha bila hata kukitazama. Kinarusha mawimbi yaleyale kwenye hewa ileile. Mlango wa mbele umewekewa askari, dirisha halina hata nondo.

Fundi mmoja alinishauri niiwashe kompyuta bila kadi, niilaze, kisha niipenyeze kadi ikiwa usingizini, kwa kuwa wewe hukagua wakati wa kuwasha tu. Nilikataa, tundu hilo linaweza kuwa na umeme hata kompyuta ikiwa imelala, na mimi si mtu wa kuingiza ndugu kazini usiku. Mwingine ana dawa kali zaidi. Anaibana chipu ya BIOS kwa kibanio, anakinakili kilichomo kwa kidude kinaitwa CH341A, anaifuta orodha yako, anakirudisha kilichobaki. Anaita kuflashi. Na wapo waliokwenda mbali kuliko huyo: mradi wa coreboot, ulioanza 1999 kwa jina la LinuxBIOS katika maabara ya Los Alamos, Marekani, unaandika programu ya kukalia kiti chako chenyewe. Kwa baadhi ya laptopu za rika la hii yangu, mrithi yuko tayari, na hana orodha. Sikutishi. Nakutaarifu tu kwamba nafasi yako imetangazwa.

Ombi langu ni dogo. Toeni toleo moja la mwisho la BIOS, lenye orodha tupu. Laptopu hii hamuiuzi tena, waranti yake imekwisha, hakuna wa kumpotezea mauzo. Likiwa zito, badilisheni sentensi moja: "Kadi hii hatuitambui, bonyeza kitufe chochote uendelee kwa hiari yako." Nitabonyeza kwa mikono miwili. Na hilo nalo likiwa zito, nitumieni maandishi yanayoonyesha ni vipande gani vya laptopu hii niliuziwa na vipi niliazimwa, nijue cha kuandika kwenye wosia.

Naomba kuwasilisha.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mmiliki (kwa mujibu wa risiti)

Nakala:
Fundi, Kariakoo – kwa maandalizi ya kibanio.
Kidude cha USB – kwa taarifa, kiendelee kukaimu.