Gari Limeitwa, Mwenyewe Sikuitwa

Gari langu linaongea Kijapani. Kila nikiwasha, dada mmoja aliyejificha ndani ya dashibodi ananiambia jambo refu kwa adabu kubwa, nami kwa miaka nimekuwa nikimjibu "ahsante". Jirani aliyesoma Japani ndiye aliyenifumbua macho: kumbe dada analalamika kwamba kadi ya kulipia barabara haijachomekwa. Basi, hilo tu. Gari lina sauti, taa za kila rangi na vibandiko mpaka kwenye kizuizi cha jua, na hakuna hata kimoja kinachoweza kunijibu swali dogo: hii eabegi iliyokaa mbele ya kifua changu imewekwa kuniokoa au kunimaliza?

Msinione nina wasiwasi wa bure. Kampuni ya Takata ya Japani ilianza mwaka 1933 kwa kazi ya ufumaji, ikaingia kwenye mikanda ya magari, mwisho ikawa inauzia eabegi kampuni nyingi kubwa za magari duniani. Sasa, eabegi haijazwi kwa pampu ya baiskeli. Ndani ya usukani kuna kikopo cha chuma chenye kemikali inayolipuka, na mfuko unajaa kabla hujamaliza kusema "mama". Takata wakachagua kutumia amonia naitreti, jamii ileile inayotumika kwenye mbolea, kwa kuwa ni rahisi. Ubaya wake haipatani na joto wala unyevu. Ikivumilia hayo miaka mingi inaharibika, na siku ya ajali inalipuka kupita kiasi, kikopo kinapasuka, na vipande vya chuma vinamrukia dereva usoni na shingoni. Watu wamekufa katika migongano midogo ambayo kwetu ingeishia kwa kutukanana na kulipana taa.

Ndipo magari yakaanza kuitwa, yaani wenyewe waandikiwe barua wayarudishe yakarekebishwe. Marekani peke yake vikopo vilivyotakiwa kubadilishwa vilifika takriban milioni 67, na duniani kote takriban milioni 100. Mwaka 2017 Takata ilikiri kosa mahakamani huko Marekani, ikakubali kulipa dola bilioni 1, na kabla mwaka haujaisha ikaomba kufilisika. Kwa hiyo ukitaka kwenda kumgombeza mwenye kiwanda, umechelewa.

Kilichoninyima usingizi ni foleni. Vikopo havikutosha, ndipo Wamarekani wakapanga nani atangulie, wakasema watangulie walio kwenye joto na unyevu: Florida, Hawaii, Puerto Rico na wenzao. Niliposoma hivyo nilijiona nimetajwa kwa jina. Joto na unyevu? Njooni Dar es Salaam mwezi wa pili, shati linaloa kabla hujafunga kifungo cha mwisho! Njooni mlione gari langu lililoshinda juani Kariakoo, usukani ukiushika unaupuliza kama kiazi kilichotoka jikoni. Tanga hivyohivyo, Mombasa hivyohivyo, Unguja usiseme. Kama kuna watu duniani ambao barua ya kuitwa ilipaswa kuwafikia mapema, ni sisi.

Lakini barua inamfuata mwenye gari aliyeandikwa kwenye vitabu vya kule. Gari langu lilipokuwa likiitwa, barua ilikwenda kwa bwana mmoja wa Nagoya au Yokohama ambaye alishaliuza, akalisahau, na sasa labda anapanda treni. Huko Japani tangu mwaka 2018 baadhi ya magari yaliyoitwa kwa kasoro hizi na hayajarekebishwa yamekuwa yakizuiwa kupita ukaguzi wao. Vizuri sana, hongera zao. Sasa gari lisilopita ukaguzi linakwenda wapi? Mimi sisemi kitu, natazama tu meli zinavyoingia bandarini.

Nikaamua kujitafutia mwenyewe kama langu lilirekebishwa. Mtandao wa Wamarekani unataka namba ya chasisi yenye tarakimu na herufi 17. Kadi yangu ya gari ina herufi chache, kistari, halafu namba, kama yalivyo magari yaliyotengenezwa kuuzwa Japani kwenyewe. Mtandao ukanijibu kwamba gari hilo halipo. Halipo, na mkopo wake bado naulipa!

Nikapiga simu kwa wakala wa chapa hiyo hapa mjini. Simtaji, mwenye gari kama langu anajua.

"Kaka, gari ulinunua kwetu?"

"Hapana dada, niliagiza mwenyewe Japani. Lakini ni chapa yenu."

"Chapa ni yetu kaka, ila gari si letu."

Ningekuwa mwanasheria ningeliwekea sentensi hiyo fremu. Nikamwandikia na yule muuzaji wa Japani, ambaye kabla sijatuma pesa alikuwa akinijulia hali asubuhi na jioni kuliko shemeji zangu. Alinijibu kwa haraka, nikafurahi. Alikuwa na magari mapya, akaniuliza kama nitahitaji lingine kwa bei ya punguzo.

Ikabaki gereji. Nilimwonyesha fundi taa nyekundu ya eabegi inayowaka kwenye dashibodi bila kuzima. Fundi hata hakuinama. "Bosi, hiyo isikunyime raha. Nakuunganishia waya wake na wa taa ya oili, zitakuwa zinawaka pamoja na kuzima pamoja. Mnunuzi hatagundua." Nikamwambia siuzi gari, nataka kuishi. Akafikiri kidogo, akanipa suluhisho la pili: tuing'oe kabisa, tuufunike usukani kwa kava lenye manyoya. La tatu lilikuwa kuninunulia eabegi ya mtumba kwa jamaa yake wa spea. Imetoka gari gani, ya mwaka gani, imekaa juani muda gani, hayo hayakumhusu. "Ni orijino, bosi." Ndiyo hofu yangu yenyewe, fundi wangu! Zinazolipuka ndizo orijino.

Wenzetu Ufaransa mwaka 2025 waliambiwa magari ya Citroën C3 na DS3 yenye kasoro hii wasiyaguse mpaka yatengenezwe. Wakalalamika kwamba wanasubiri sana zamu ya kurekebishiwa, tena bure. Natamani na mimi nipate nafasi ya kulalamika hivyo. Hapa kwetu, wakati wa Wiki ya Nenda kwa Usalama, askari anakagua tairi, taa na kizimamoto, unabandikiwa stika, unaenda zako. Hakuna anayeuliza kilichomo ndani ya usukani. Bima nayo inataka kujua thamani ya gari, na thamani hiyo, kwa hesabu zao, hushuka kila mwaka. Thamani yangu mimi, eabegi ikinipasukia, hawakuiulizia.

Kwa hiyo wewe unayekesha na simu ukichagua gari, rangi umeshaipenda na binamu ameshakuchangia, kabla hujatuma hata senti mwombe muuzaji namba kamili ya chasisi. Kampuni kubwa za Japani zina kurasa za kukagua namba hizo, kwa Kijapani, lakini simu yako inatafsiri. Zitakuonyesha kama gari limeitwa na kama limerekebishwa. Likiwa halijarekebishwa, mwambie muuzaji alipeleke likarekebishwe kulekule, maana kulekule ni bure. Akikataa, acha. Na ninyi wa mamlaka mnaopokea ushuru wa magari haya, namba za chasisi zote mnazo kwenye kompyuta zenu. Zikagueni kabla gari halijatoka getini.