Mgonjwa Mwenye Mguu Mmoja

Mnyama akiugua kwetu Hombolo, Dodoma, watu wanajua pa kuanzia. Ng'ombe akisusa majani, jirani atakuja kumkagua macho na ulimi kabla hujamaliza kueleza. Kuku wakisinzia, kila mpita njia atasema ni kideri. Hata punda, ambaye kwetu hubeba maji na matusi kwa siku moja, hakosi mtu wa kumtetea. Mgonjwa wangu mimi alikuwa konokono.

Alikuja na mpwa wangu, likizo ya Juni, kutoka Dar es Salaam, ndani ya kontena la chakula lililotobolewa matundu kifunikoni. Jina lake Mwendokasi. Walipanda treni ya umeme, hii iliyoanza kufika Dodoma Julai 2024, na kwa saa tatu na ushee Mwendokasi akaikata nchi ambayo ukoo wake usingeimaliza hata ungeanza safari enzi za Mjerumani. Kutoka mjini wakachukua daladala mpaka kwetu, vumbi juu, vumbi chini. Nadhani hapo ndipo alipoanza kuifikiria Dodoma vibaya.

Juni kwetu mvua imekwisha kusahauliwa. Unabaki upepo, baridi ya usiku, na vumbi linaloingia hata kwenye sanduku lenye kufuli. Mwendokasi alizunguka ukutani, akaonja tango, kisha akajivuta ndani ya gamba lake na kuziba mlango kwa utando mweupe, mkavu, kama ngozi iliyo ndani ya ganda la yai. Mtoto akaja mbio. "Mjomba, Mwendokasi anaumwa!" Machozi yalishuka kabla sijavaa miwani.

Tukaenda duka la dawa za mifugo. Mama muuzaji, mtu mchangamfu, akauliza mgonjwa ana kilo ngapi. Nikamwambia robo hafiki.

"Kifaranga?"

"Konokono."

Akanitazama, akamtazama mtoto, akageukia rafu. Kwa upole kabisa akasema dawa ya konokono anayo, ila hiyo ni ya kuwaua. Mtoto akalikumbatia kontena na kutoka nje bila kuaga.

Nikampigia bwana mifugo mmoja ninayefahamiana naye. Huyu si mtu wa mzaha, alifuata utaratibu. Anakula? Hali. Anacheua? Hajawahi. Anasimama? Nikamweleza kwamba ana mguu mmoja tu, na huo mguu ndio huohuo anaoulalia. Simu ikawa kimya kidogo. "Mingine imekatika?" Nikasema hapana, ndivyo alivyozaliwa. "Basi kaka," akasema, "mnyama wa namna hiyo chinja mapema."

Mtoto akaamua kumwogesha. Hapo nikawa mkali, maana maji ya visima vingi vya huku yana chumvi. Chai yetu ukiisahau sukari, mgeni ataomba na ugali. Sisi tumezoea, lakini chumvi humfyonza konokono maji yote ya mwili mpaka akafa. Ikabidi ninunue maji ya chupa. Kwa hiyo ndani ya nyumba yangu, ninayoilipia kodi ya pango mimi, konokono akawa ananyunyiziwa maji ya dukani na mimi nakunywa ya kisima.

Habari zikaenea, na majirani wakaja kumjulia mgonjwa hali, wengine wakiwa na hofu yao. Hombolo ina bwawa tangu 1957, na kwa mtu aliyekulia kando ya bwawa konokono maana yake ni kichocho. Bahati nzuri jirani mmoja ni muuguzi. Akafafanua kwamba konokono wa kichocho ni wadogo na wanaishi majini: vimelea hutoka mwilini mwao na kupenya ngozi ya mtu aliyeingia majini. Huyu ni wa nchi kavu, hana kesi hiyo. Ila hata huyu anaweza kubeba minyoo mingine, kwa hiyo kila aliyemshika anawe kwa sabuni. Watu waliokuwa wamemshika wakatazamana, wakaelekea kwenye ndoo.

Sasa, Hombolo ndipo kilipo Chuo cha Serikali za Mitaa, na ukiishi karibu na chuo hicho, hata kuku akipotea kutakuwa na ajenda. Mpangaji mwenzangu anasoma hapo. Alipoona watu wamefika akidi, akachukua daftari na kufungua kikao. Muhtasari wake ninaukumbuka vizuri: wajumbe waliohudhuria, taarifa ya hali ya mgonjwa, mengineyo. Chini ya taarifa akaandika kwamba mgonjwa alikuwepo lakini hakuchangia.

Mama mmoja alileta mlenda, akiamini hakuna tumbo linaloukataa. Mlenda ukawekwa mbele ya mlango uliozibwa, ukakauka. Mzee mwenye shamba la zabibu, ambaye alikuwa ameketi kimya na fimbo yake, akauliza swali moja tu: huyu ni dume au jike? Nikajibu kwamba konokono hawa kila mmoja ni vyote viwili. Mzee akafikiri, akalisogelea kontena, akainama na kusalimu, "Mbukwenyi," salamu ya Kigogo kwa watu wengi. Kisha akatangaza kwamba akipona asilale Hombolo.

Wengine walicheka. Mimi sikucheka sana, kwa sababu aina hii ya konokono, ambayo asili yake ni Afrika Mashariki, ina rekodi. Mwaka 1966 mtoto mmoja alirudi Miami, Marekani, na konokono watatu kutoka Hawaii. Bibi yake akawatupa bustanini. Miaka saba baadaye walikuwa zaidi ya 17,000, na kuwamaliza kuligharimu kama dola milioni moja. Tagio moja linaweza kufika mayai 200. Mzee hakuisoma habari hiyo popote, lakini zabibu zake anazijua.

Usiku nikakaa na simu nikisoma, na nikapata cha kumwambia mtoto. Mwaka 1846, jumba la makumbusho la British Museum huko London lilipokea konokono wa jangwani kutoka Misri, likamgundisha kwenye kadi kama gamba tupu. Mwaka 1850 mtu akaona dalili kwenye kadi, wakamtia katika maji ya uvuguvugu, akatoka akitembea. Miaka minne! Huo utando mweupe haukuwa ugonjwa. Konokono akiona ukame hujifungia ndani ili asipoteze maji, na hungoja hewa irudi na unyevu. Mwendokasi hakuwa na homa wala minyoo. Alikuwa ameionja Dodoma ya Juni na kutoa maamuzi, jambo ambalo wafanyakazi wengi waliohamishiwa huku walitamani kulifanya.

Tukaweka udongo laini kwenye beseni, tukaunyunyizia maji ya chupa, tukamlaza juu yake na kufunika kwa kanga iliyolowa. Mpangaji akaacha daftari lake hapo kwa ajili ya kuandika maendeleo. Asubuhi utando ulikuwa umetoboka na Mwendokasi hayumo kitandani. Tulimkuta juu ya daftari, anakula muhtasari wa kikao. Konokono hula karatasi, na huyu alianza na ajenda, akafika kwa wajumbe. Jina la mzee wa zabibu ndilo la kwanza kupotea.

Mpangaji alidai kumbukumbu zikiharibika kikao kirudiwe. Hakuungwa mkono. Likizo ilipokwisha mtoto akarudi Dar es Salaam na kontena lake, na mzee alikuja mwenyewe kuhakikisha kifuniko kimefungwa.

Nawe ukiletewa konokono kanda hii wakati wa kiangazi, akaziba mlango wake, usihangaike na dawa. Mpe unyevu wa maji yasiyo na chumvi, mwekee ganda la yai lililosagwa kwa ajili ya gamba lake, nawa mikono kwa sabuni, usimwachilie shambani kwa mtu. Na tafadhali, usiitishe kikao.