Mabano Yanayogeuza Chokaa Kuwa Chumvi

Hakuna aibu mbichi kuliko 58 iliyokatwa kwa wino mwekundu, kando yake mwalimu kaandika 74. Swali lilitaka uzito wa moli moja ya Ca(OH)₂, yaani chokaa iliyokwisha kumwagiwa maji, na mkosaji alijumlisha vizuri kabisa: kalsiamu 40, oksijeni 16, hidrojeni 2. Balaa ni kwamba moli ya chumvi ya mezani ni gramu 58.5. Mtoto wa Bagamoyo, mji wenye mashamba ya chumvi na magofu ya Kaole yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, amechanganya vitu viwili ambavyo bibi yake hawezi kuvichanganya hata gizani.

Watasema ni uvivu. Siafiki. Mtoto huyohuyo shule ya msingi alipewa 2(3 + 4) akajibu 14 bila jasho, kwa sababu 2 ile ilisimama mbele ya mabano kama imamu mbele ya safu. Kwenye kemia imejibanza nyuma, chini, ndogo kama chawa, jirani na H kiasi kwamba jicho linaiona ni mali ya H peke yake. Tena mabano hayo aliyazoea kwa Kiswahili. Sekondari akayakuta yana jina la Kiingereza, na hakuna aliyewatambulisha upya. Hapo kicheko kinaniishia: tunamnyang'anya mtoto lugha, kisha tunamkata alama kwa kutosikia.

Wengine watauliza, mchoma chokaa ana haja gani na moli? Moli ni korija tu. Korija ya boriti na korija ya fito zote ni 20, mabega ndiyo yanayojua tofauti. Korija ya kemia ina chembe 6.02 × 10²³, basi. Sasa tazama tanuri: moli ya jiwe la chokaa ni gramu 100, moto unafukuza hewa ya ukaa, 44, inabaki 56. Kilo 100 za jiwe safi hutoka kilo 56, na mbebaji amelijua hilo bila kitabu. Mwagia maji, 18, inafoka kwa joto, inakuwa 74. Paka ukutani: taratibu inavuta tena 44 kutoka hewani, inatema 18 za maji, inarudi 100. Ukuta umekuwa jiwe upya! Anzia 58 uone kama hesabu itafunga.

(Wapo pia wanaodhani nukta ya mrututu, CuSO₄·5H₂O, ni ya kuzidisha, badala ya 249.5 wanapata 14,355.)

Najua utetezi wa mabano: yanaonyesha kwamba oksijeni na hidrojeni hutembea wawili wawili. Kweli kabisa. Basi walimu, siku ya kwanza andikeni CaO₂H₂. Mabano yaje wiki ya pili, yakiwa na sababu yake mkononi.