Mama wa Darasa la Kwanza

Kufundisha darasa la kwanza hapa Tanga hakunisumbui. Kinachonisumbua ni kwamba mwaka huu kitinda mimba wangu yumo humo humo darasani, dawati la dirishani, na ana macho, ana masikio, na mdomo wake hauna komeo.

Tulipatana mapema. Nyumbani mimi ni mama. Tukishavuka geti la shule mimi ni mwalimu, sawa na wenzake wote. Akaitikia kwa heshima zote. Kilichofuata ni kinyume chake. Darasani akawa ananiita mama, na jioni, nimekaa kwenye mbuzi nakuna nazi, anakuja kusimama mlangoni, mikono nyuma: "Mwalimu, naomba ruhusa nikakojoe." Baba yake akaona hapo pana faida. Siku hizi naye akitaka kwenda kutazama mpira kibandani anasimama mlango ule ule, mikono nyuma.

Huko darasani ugonjwa uliambukiza. Mmoja akisema mama, wa jirani naye anasema mama, na kabla ya saa nne wameshaniita hivyo wote. Uwiano unaotakiwa ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, lakini tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016 watoto wamekuja kwa wingi, na mimi wangu ni zaidi ya 80. Siku moja babu mmoja mgeni mtaani alimleta mjukuu wake, akafika mlangoni wakati nauliza kama tumeelewana. Darasa zima likaitika, "Ndiyo, mama!" Babu akanitazama kuanzia kandambili hadi kilemba, akasema taratibu, "Hongera sana, mwanangu. Mungu akupe nguvu."

Kwa asiyeijua kazi yetu, mtaala wa mwaka 2015 ulileta KKK kwa darasa la kwanza na la pili: Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Kusoma tunaanza na sauti. Hatumwambii mtoto "hii inaitwa es". Tunamwambia hii inasema ssss. Ni njia nzuri, naitetea popote. Ila watoto 80 wakisema ssss kwa pamoja asubuhi na mapema, mlinzi wetu anakuja mbio na fimbo, anaanza kuchungulia chini ya madawati. Ameshaelezwa. Anasema siku atakayopuuza ndiyo siku itakayokuwa kweli.

Kuhesabu tunatumia vizibo vya soda na vijiti, na mambo huwa shwari mpaka nilete mfano wa dukani. Niliuliza: "Una shilingi 500. Umenunua andazi la shilingi 200. Utarudishiwa shilingi ngapi?" Binti mmoja wa dawati la mbele, mtoto wa mama ntilie, akasimama akiwa na uhakika wote. "Mia mbili na pipi mbili." Nikamwambia afikiri tena. Akanitazama kwa huruma, akanifafanulia: Mangi wa dukani hana chenji ya mia, anatoa pipi, za hamsini hamsini. Niambie wewe ulivyo mtu mzima, hapo unaweka vema au mkasi? Kitabu kinasema 300. Binti kafikisha 300 pia, sema sehemu yake inalambwa. Nilimpa vema.

Lakini hayo yote ni mepesi mbele ya mada ya familia. Kila mtoto anasimama, anataja watu wa kwao na kazi zao. Ndipo nilipofahamu ni nani kwao wamehama bila kulipa kodi na ni baba gani analala sebuleni. Nasikiliza, namezea, ndiyo kazi. Ikafika zamu ya dawati la dirishani. Nilitamani kumruka, ila wenzake wakasema bado yeye, bado yeye.

"Baba yangu anakoroma," akaanza. "Dada yangu yuko darasa la sita, anapenda kioo. Mama yangu ni mwalimu. Jana maji yalikatika, akalala hajaoga."

Darasa likanyamaza, na darasa langu halina kawaida ya kunyamaza. Kisha binti wa mama ntilie akanyoosha kidole: "Mwalimu, kwani huyo mama yake ni mwalimu wa wapi?"

Basi mwezi wa sita ulipofika, shule zikafungwa, nilishukuru kama mtu aliyetua gunia. Likizo hiyo huwa tunapanda Lushoto, kwa wazazi wa baba watoto. Nilibeba zawadi za wakwe, masweta ya watoto na bahasha ya kaki yenye azimio la kazi la muhula wa pili. Kwa ndugu zangu mlio nje ya kada hii, azimio ni lile jedwali la wiki kwa wiki, mada kwa mada, safu nyingi kuliko akili ya mtu, linalochorwa kwa rula na kujazwa kwa mkono. Mwalimu wetu wa taaluma alikuwa ametamka kwamba siku ya kufungua anataka maazimio yote mezani, na ni mtu asiyecheka. Nadhani ndiyo sababu alipewa kile cheo. Langu lilikuwa limekamilika, limenyooka, limepigiwa mistari kwa wino mwekundu. Nililichukua ili nilipitie tena. Mwalimu hajui kuacha kazi nyumbani.

Basi likatoka, Muheza tukanunua machungwa, na hapo ndipo mambo yalipoanza, maana kijana alikula machungwa mpaka dada yake akahama kiti. Segera salama. Korogwe salama. Mombo gari likaiacha barabara kuu likaanza kupanda. Kutoka pale hadi Lushoto ni kilomita 30 na ushei, na sidhani kama kuna mita 100 zilizonyooka: kushoto ukuta wa mwamba, kulia bonde, na dereva anapiga simu.

Zamani, konda alikuwa anapita na rambo kabla ya kona ya kwanza, anagawa kama mhudumu wa ndege. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ikapigwa marufuku, na mimi nimesimama mbele ya darasa mara nyingi nikaeleza faida za marufuku hiyo: mitaro haizibi, ng'ombe hawafi. Nasimamia maneno yangu. Ila ile mifuko mbadala ya kitambaa kitambaa ina vitundu. Hewa inapita, na kisicho hewa nacho kinapita.

Tulikuwa tumeshafika kwenye kona zenyewe, mimi nazungumza na mama mmoja wa kiti cha jirani juu ya bei ya viazi. Nikahisi kitu pembeni ya jicho. Ni mkono wa mwanangu, umenyooka juu kabisa, kidole kimoja, uso umepauka hadi midomo. Nimewafundisha mwenyewe tangu Januari: hakuna kusema mpaka uitwe. Kumbe mkono ulikuwa juu tangu kona kadhaa nyuma, anangoja kuitwa. Na mimi, kwa mazoea ya kazi, bila hata kugeuza kichwa vizuri, nikasema, "Ndiyo, simama, sema kwa sauti wenzako wasikie."

Akasimama. Akasema kwa sauti. Wenzake wakasikia hadi kiti cha nyuma.

Bahasha ilikuwa mapajani mwangu, mdomo wazi.

Mama wa viazi alinisaidia kwa kanga yake kuukuu, Mungu amlipe. Konda alisimamisha gari kwenye maji ya mlimani, tukaoshana, abiria wakatoa ushauri wa ndimu na tangawizi. Azimio nililikung'uta nje ya dirisha kwa heshima. Wiki ya kwanza hadi ya nne zilikuwa hazisomeki. Wiki ya tano ilikuwa na punje ya chungwa.

Lushoto mwezi wa sita si mahali pa mtu wa Tanga mjini. Ukiongea moshi unatoka mdomoni, na mikono yangu haikutoka kwenye sweta isipokuwa wakati wa kula. Lakini nyumba ya wakwe ina moto wa kuni, viazi vya kuchoma, na baba mkwe ambaye akishamaliza kikombe cha chai ya kwanza anaanza historia. Jioni moja watoto walimuuliza mji ule umepewa jina na nani. Mzee akajiweka sawa, akaeleza kwamba Wajerumani walipokuwa wanatawala waliuita Wilhelmstal, kwa heshima ya mfalme wao Wilhelm, na kwamba baridi hii tunayoilalamikia ndiyo waliyoifuata, maana pwani joto na malaria viliwamaliza. Alisema vizuri, kwa mpangilio, tarehe na sababu zake. Na mimi nikasikia sauti yangu ikitoka yenyewe:

"Vizuri sana! Mpigieni makofi!"

Watoto wangu, waliofundwa vema, wakapiga papo hapo: pa, pa, pa! Baba watoto akainamia kikombe chake, mabega yanatikisika. Mzee hakusema kitu. Alikaa kimya, akatazama moto, akatutazama. Nikajua nimefukuzwa ukweni. Mwishowe akakohoa, akasema, "Sasa niwaeleze na habari za reli yao." Tangu jioni ile hakuanza hadithi bila kuhakikisha watoto wamekaa tayari, na akimaliza ananyamaza, anangoja.

Kwa mama mkwe sikupata mteremko huo. Yeye ana shamba la viazi na kabichi, na siku ya gulio anauza mwenyewe. Alimchukua mjukuu wake amsaidie. Nikamwonya, kwa adabu, kwamba mtoto hesabu bado zinamsumbua, hasa kutoa. Kwenye zoezi la mwisho alipata 3 kati ya 10, na nilimsahihisha mimi. Bibi akasema, "Haya," akafunga mzigo.

Saa tano nikawafuata na chai. Nikamkuta kijana amekaa juu ya kiroba, mbele yake sado za viazi zimepangwa, zimejazwa mpaka zimefanya kichuguu juu kama wanunuzi wanavyotaka. Mteja akachukua sado mbili, akatoa noti ya elfu kumi. Mtoto hakutafuta kizibo wala kijiti wala hakutazama vidole. Aliingiza mkono kwenye pindo la kanga ya bibi yake, akahesabu chenji, akaikabidhi, akasema, "Karibu tena, shangazi." Nikapiga hesabu yangu kimoyomoyo. Nilimaliza baada yake, na chenji ilikuwa sawasawa, hakuna hata pipi moja.

Mama mkwe akapokea chai, akapuliza, akanywa fundo moja.

"Mtoto hesabu anajua," akasema. "Kwani wewe huko unamfundisha nini?"

Nilianza kumweleza habari za kutoa kwa kuchukua, makumi na mamoja. Akanisikiliza hadi mwisho kama anavyomsikiliza afisa ugani, kisha akauza sado nyingine. Na kijana, ambaye kwa wiki nzima alikuwa ananiita mama bila kukosea, akaona hapo ndipo pa kuongeza: "Bibi, mwalimu wetu pia hajasahihisha daftari zetu za mwandiko. Ziko chini ya kitanda."

Azimio lenyewe tulilianika juu ya kamba jikoni, kurasa zimebanwa na vibanio vya nguo, likapata moshi wa kuni juu ya yale liliyopata. Likakauka, likawa gumu kama kaukau, na likawa na rangi ambayo sitaieleza. Nilikusudia kuandika upya, lakini karatasi kubwa za mistari nilizozitaka sikuzipata, halafu kukawa na arusi ya jirani, halafu siku zikaisha. Tukateremka na mama mkwe, anakuja kutibiwa macho mjini. Kijana safari hii alinyimwa machungwa.

Siku ya kufungua, walimu wote wakaweka maazimio yao mezani kwa mwalimu wa taaluma. Mimi nikaweka bahasha. Nikaanza kueleza: Mombo, kona, mkono, mtoto. Nikiwa katikati nikaanza kujisikia. Kwa kazi hii nimeshaambiwa daftari limeliwa na mbuzi, limechukuliwa na mafuriko, limewashiwa moto wa uji na bibi asiyejua kusoma. Na siku zote huwa namkazia mtoto macho mpaka anyamaze mwenyewe. Sasa macho yalikuwa yananikazia mimi. Mwalimu wa taaluma akatoa ukurasa mmoja kwa ncha za vidole viwili, akausogeza puani, akausitisha njiani, akaurudisha kwenye bahasha.

"Mwalimu," akasema, "kesho uje na mzazi."

Ofisi nzima ikaangua kicheko, na naapa hata yeye mdomo ulicheza upande mmoja. Nyumbani nikawasimulia wakati wa kula. Baba watoto alicheka mpaka akashuka kwenye kiti. Mama mkwe aliendelea kula, akauliza tu shule inaanza saa ngapi.

Asubuhi yake, saa kumi na mbili na nusu, natoka na mkoba wangu, nikamkuta barazani. Ameshavaa, kanga imepigwa pasi, viatu vya safari mguuni, amemshika mjukuu wake mkono.

"Twende," akasema. "Huyo mwalimu wenu nitamweleza mimi. Na ile habari ya hesabu tutaimaliza huko huko."